Imeandikwa, Lakini Nani Anasoma?

Nimerudi. Najua nimekuwa kimya muda mrefu, na kuna walioniandikia kuuliza kama nimeoa au nimehamia Dar. Hapana. Nipo hapa hapa Mwanza, upepo wa ziwa unanipiga kama kawaida. Nilikuwa nauguza. Na katika kuuguza huko nimejifunza jambo ambalo nimeona nisipoliandika litanipasua kichwa.

Leo hakuna siasa, hakuna Simba na Yanga. Leo tunaongea biolojia. Usikimbie! Mimi mwenyewe somo hilo nilipata D kidato cha nne. Kama mimi nimeelewa, wewe utaelewa kabla hujamaliza chai.

Nina mdogo wangu wa kike. Amenikataza kumtaja jina humu, kwa hiyo nitamwita Mdogo, ingawa mdomo wake si mdogo hata kidogo. Ana miaka 22. Ana sikoseli, au selimundu kama inavyoandikwa kwenye makaratasi ya hospitali.

Mama anapenda kusimulia kwamba Mdogo alipozaliwa alikuwa bonge la mtoto. Miezi sita ya mwanzo hakuumwa hata mafua. Akina mama wa mtaani walikuwa wanagombania kumbeba. Kisha mwezi wa saba akaamka amevimba vidole vya mikono na miguu, vimejaa kama maandazi, na analia usiku kucha. Zahanati moja ikampa dawa ya malaria. Wiki mbili baadaye yale yale. Dawa ya malaria tena.

Mnajua watu wetu. Mtoto alikuwa mzima, sasa mbona ghafla? Huyu kachezewa. Ndugu wa upande wa Baba wakaanza kumtazama Mama kwa jicho la pembeni, maana kwao "haijawahi kutokea". Bibi akambeba mjukuu mpaka kwa mganga, na makovu ya chale Mdogo anayo kifuani mpaka leo. Baba, ambaye ni mtu wa maneno machache, alikuwa na neno moja tu: "Imeandikwa."

Nimekua na neno hilo. Hata nilipofika shule nikafundishwa kwamba DNA ni kama maandishi, nikaona mzee alikuwa sahihi, kasoro yake ni kwamba hakuwa na darubini. Mdogo kaandikiwa vibaya. Basi. Utafanya nini?

Miezi minne iliyopita daktari wa kliniki yake akamwanzishia dawa inayoitwa haidroksiurea. Vidonge, kila siku. Mimi ndiye niliyemshawishi akubali, kwa sababu nilikuwa nimesoma habari zake. Siku ya kumi na sita maumivu yakamkamata. Mgongo, nyonga, mapaja. Tukakesha wodini siku nne. Alipotoka akavitupa vile vidonge juu ya kabati.

"Kaka, dawa gani hii? Wiki mbili nameza na nimeumwa vile vile. Na tena jirani kaangalia kwenye intaneti, anasema ni dawa ya kansa. Mimi nina kansa?"

Sikuwa na jibu. Mwandishi mzima wa habari, kazi yangu ni kuuliza maswali, na nilikuwa nimempa mdogo wangu dawa bila kuuliza inafanyaje kazi. Kesho yake nikaenda kumsubiri daktari mpaka amalize wagonjwa. Alikuwa amechoka, lakini akavuta kiti, akageuza fomu upande usioandikwa, akanishangaza kwa kuniuliza yeye kwanza.

"Mwandishi, hebu niambie. Mdogo wako alirithi hiyo kasoro siku ile ile mimba ilipotungwa. Kwa nini miezi sita ya mwanzo haikumdhuru?"

Bibi alikuwa na jibu lake kwa swali hilo, lakini nikaona nisilitaje pale.

Sasa nisikilizeni. Karibu kila seli ya mwili wako ina maandishi yote ya DNA. Seli ya jicho ina maelekezo ya kutengeneza nyongo, na seli ya ini ina maelekezo ya kutengeneza vioo vya jicho. Mbona basi ini halioni? Kwa sababu kila seli husoma kurasa zake tu. Ukurasa, yaani jeni, ukisomwa, unatolewa nakala. Nakala hiyo inatoka kwenye kiini cha seli, inapelekwa kiwandani, na protini inatengenezwa. Jeni isiposomwa ipo tu, kama faili kabatini.

Nikamwambia daktari, hiyo mimi naijua vizuri. Kwenye chumba cha habari tunaandika habari thelathini, gazeti linatoka na kumi. Zile ishirini zilizobaki zimeandikwa, na nyingine ni nzuri kuliko zilizotoka. Mhariri ndiye kasema hapana.

Daktari akacheka. "Kaa na huyo mhariri wako. Tutamhitaji."

Damu ni nyekundu kwa sababu ya protini iitwayo himoglobini, ambayo hubeba oksijeni. Kila moja imeundwa kwa minyororo minne: miwili ya aina ya alfa na miwili ya aina ya beta. Kasoro ya selimundu iko kwenye jeni ya beta, na ni herufi moja tu. Katika miaka ya 1950 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionyesha kwamba katika mnyororo huo tofauti iko sehemu moja: kiungo cha sita ambacho kilipaswa kuwa asidi ya glutamiki kimekuwa valini. Kwa sababu hiyo, himoglobini ikishaachia oksijeni inang'ang'aniana na wenzake, inajipanga kama fito, na seli nyekundu inapinda kama mundu. Seli zilizopinda zinaziba mishipa midogo. Hayo ndiyo maumivu.

Lakini mtoto akiwa tumboni hatumii beta. Anatumia jeni nyingine, gama, na himoglobini yake inashika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama, ndiyo maana anaweza kuivuta kutoka kwenye damu ya mama yake. Gama haina ile kasoro. Baada ya kuzaliwa, taratibu katika miezi ya mwanzo, mwili unaufunga ukurasa wa gama na kuufungua ule wa beta. Daktari mmoja wa watoto huko Brooklyn, Janet Watson, aliliona jambo hili mwaka 1948: watoto wachanga wenye selimundu hawaugui mapema, naye akaihusisha salama yao na himoglobini ya tumboni.

Kwa hiyo mwezi wa saba hakuna aliyemchezea Mdogo. Ukurasa uligeuzwa, basi.

"Na ile gama inakwenda wapi?" nikauliza.

"Haiendi popote. Anayo mpaka leo. Wewe unayo. Mimi ninayo. Imefungwa tu."

Hapo ndipo niliponyamaza. Miaka 22 nyumbani kwetu tumelia juu ya kilichoandikwa, kumbe dawa ya mtoto wetu nayo imeandikwa humo humo, kurasa chache kutoka kwenye kasoro, kwenye kromosomu ile ile ya 11.

Sasa swali la kimwandishi: nani anaamuru ukurasa upi ufunguliwe? Seli haina macho, haina masikio. Inajuaje mambo ya nje?

Panda daladala ya kutoka Igoma kwenda mjini. Umekaa kiti cha nyuma kabisa, muziki uko juu, na unataka kushuka Mabatini. Dereva hakusikii. Unamwambia konda, "Mabatini shusha!" Konda anagonga bodi. Dereva anakanyaga breki. Wewe hujagusa breki, konda hajagusa breki, lakini gari limesimama.

Seli nazo hupashana habari hivyo hivyo. Abiria ni homoni au kemikali inayosafiri kwenye damu. Konda ni kipokezi, protini iliyosimama mlangoni, yaani kwenye ngozi ya nje ya seli. Kila kipokezi kina abiria wake. Asiye wake hamjibu. Abiria akimshika, konda anabadilika umbo kidogo upande wa ndani, na hilo ndilo lile gongo la bodi. Protini ya ndani inaamka, inaamsha nyingine, na ile nyingine inaamsha nyingine tena, mpaka habari inafika kwenye kiini aliko dereva. Wapo abiria wachache wa kiti cha mbele, kama homoni za uzazi, ambao wanapenya wenyewe mpaka ndani na kuongea na dereva ana kwa ana. Lakini wengi wanapitia kwa konda.

Tuchukue mfano wa mwili wa Mdogo. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku kama 120. Za kwake huishi siku 10 mpaka 20 tu, kwa hiyo damu inapungua, na oksijeni nayo inapungua. Wa kwanza kugundua ni figo. Ndani ya figo kuna protini iitwayo HIF. Inatengenezwa kila wakati na kuvunjwa kila wakati, maana oksijeni yenyewe ndiyo inayotumika kuitia alama ya kuvunjwa. Oksijeni ikipungua, alama haiwekwi. HIF inasalimika, inaingia kwenye kiini na kuifungua jeni ya homoni inayoitwa EPO. Waliofumbua fumbo hilo, Gregg Semenza na William Kaelin wa Marekani na Peter Ratcliffe wa Uingereza, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

EPO inasafiri kwenye damu mpaka kwenye uboho, ndani ya mifupa. Huko inamshika konda wake kwenye seli changa za damu. Ndani, protini iitwayo JAK2 inaamka na kuipiga mhuri STAT5. Zile STAT5 zilizopigwa mhuri zinashikana mbili mbili, zinaingia kwenye kiini na kufungua jeni zinazoiambia seli: usife, gawanyika, tunahitaji damu. Kwa mtu mzima mwenye afya uboho unatoa seli nyekundu takriban milioni 2 kila sekunde. Kwa Mdogo ni kama shule inayogonga kengele ya dharura tangu asubuhi hadi usiku, miaka yote 22.

Lakini si kila ujumbe unaishia kwenye jeni, na hili ningelijua zamani ningejiokoa na aibu moja. Mdogo akiwa na miaka kumi nilimchukua tukaenda kuogelea ziwani, upande wa Kayenze, asubuhi, maji ya baridi. Alifurahi sana. Jioni tulikuwa hospitali. Mama hakunipiga, alinitazama tu, na ningependa angenipiga. Sasa nimeelewa kilichotokea. Baridi iligusa ngozi, neva zikamwaga kemikali ya noradrenalini, vipokezi kwenye misuli ya mishipa ya damu vikaipokea, misuli ikakaza. Mishipa ikawa myembamba, damu ikapita polepole, na seli zikapata muda wa kupinda kabla hazijafika kwenye mapafu kuchukua oksijeni. Ujumbe wa aina hiyo ni wa sekunde na hauhitaji kufungua ukurasa wowote. Ujumbe wa jeni ni wa saa, siku, hata miezi. Mwili una simu na una barua.

Haya, turudi kwenye vile vidonge juu ya kabati.

Ndani ya uboho kuna protini inayokaa juu ya ukurasa wa gama na kuufunga. Inaitwa BCL11A. Mwaka 2008 maabara ya Stuart Orkin huko Boston ilionyesha kwamba ukiipunguza protini hiyo, gama inasomwa tena. Huyo ndiye mhariri wetu! Na wahariri hawafanani. Kuna watu waliozaliwa na mhariri mkali na wengine mhariri mpole. Mwaka 2011 Profesa Julie Makani wa Muhimbili na wenzake, wakishirikiana na watafiti wa London, walichapisha utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza, wakaona kwamba tofauti ndogo ndani na kando ya jeni kama hiyo ya BCL11A zinaendana na tofauti ya kiasi cha himoglobini ya tumboni ambacho mgonjwa anabaki nacho ukubwani. Na anayebaki nayo nyingi, kwa kawaida huugua kidogo kuliko mwenzake.

Haidroksiurea haimfukuzi mhariri. Inazuia kidogo utengenezaji wa malighafi za DNA, kwa hiyo seli zinazogawanyika haraka zinapunguzwa mwendo. Ndiyo maana ni kweli inatumika kwenye aina fulani za kansa, jirani hakudanganya. Kwa mwenye selimundu dozi inapangwa kwa uzito na kupimwa kwa vipimo vya damu vya mara kwa mara. Uboho uliopunguzwa mwendo unajaza pengo kwa haraka, na katika haraka hiyo zinatoka seli nyingi zaidi ambazo zimeusoma ukurasa wa gama. Maabara zimeonyesha pia kwamba dawa hii hutoa naitriki oksaidi, ambayo inagonga bodi kwa njia yake na kuchangia gama kufunguliwa. Kwa lugha ya gazeti: siku ya presha mhariri hana muda wa kukata kila kitu, na ile habari nzuri iliyokuwa kabatini inapita.

"Sasa kwa nini wiki mbili hazikutosha?"

Daktari akachora duara. Katikati hakuweka kitu. "Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini. Imekitupa kabla haijatoka kwenye uboho. Haina ukurasa wa kusoma. Ukiipa ujumbe wowote wa jeni, haina wa kuupokea. Seli iliyotoka jana na himoglobini mbaya itakufa nayo. Dawa inaongea na zile ambazo hazijazaliwa."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, kutoka mlimani mpaka mjini, nikairudia sentensi hiyo. Dawa inaongea na zile ambazo hazijazaliwa. Ndiyo maana matokeo ni ya miezi. Mdogo aliacha siku ambayo seli za kwanza nzuri ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia barabarani.

Nilimchorea lile duara kwenye daftari lake. Akalitazama. Akauliza maswali magumu kuliko niliyouliza mimi. Halafu akapanda kwenye kiti, akavishusha vidonge kutoka juu ya kabati. "Nakupa miezi mitatu, Kaka," akaniambia, kama vile dawa ni yangu.

Mtaniuliza, kwani hili ni jambo letu sote au la familia yako? Ni letu, hasa sisi wa Kanda ya Ziwa. Katika miaka ya 1950 mwanasayansi Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyeonyesha kwamba anayerithi herufi hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu anapata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana herufi hiyo ni ya kawaida pwani na kandokando ya ziwa letu, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Babu zetu walilipia malaria kwa sarafu hiyo.

Moja ya sehemu alizopima ni Musoma, hapo jirani. Matokeo yake ya mwaka 1956 yamo kwenye vitabu vya biolojia duniani. Katika watoto wachanga 287, wenye selimundu yenyewe, yaani waliorithi pande zote mbili, walikuwa 9. Katika watu wazima 654, walikuwa 5. Piga hesabu: kwa watoto ni kama 3 katika kila 100, kwa watu wazima haifiki hata 1. Wasomaji wa vitabu hivyo huko ng'ambo wanaona mfano mzuri wa uteuzi wa asili. Mimi nikaona akina mama wa Musoma. Wale wengine walikwenda wapi? Tunajua walikokwenda. Na wale watano? Sina namna ya kuwajua, lakini nimewafikiria sana. Pengine walikuwa na mhariri mpole.

Na si habari za kale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika Bugando, ulipima matone ya damu yaliyokaushwa ya watoto wadogo zaidi ya 17,000 kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi. Mmoja kati ya watano hivi anabeba herufi hiyo upande mmoja. Zaidi ya mmoja katika kila 100 ana ugonjwa wenyewe. Hapo hapo Bugando ukafanyika pia utafiti uitwao SPHERE, wa kutumia haidroksiurea kupunguza hatari ya kiharusi kwa watoto wenye selimundu. Kabla ya hapo utafiti wa REACH, uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola na kuchapishwa 2019, ulionyesha kwamba watoto waliopewa dawa hii walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache, na waliokufa walikuwa wachache. Hata malaria ilipungua.

Kuna na njia ya kumshughulikia mhariri moja kwa moja. Mwezi Novemba 2023 Uingereza, na Desemba Marekani, ziliidhinisha tiba inayoitwa Casgevy. Wanatoa seli mama za uboho wa mgonjwa, wanakata sehemu inayoiwasha BCL11A kwenye seli za damu, kisha wanazirudisha mwilini. Gama inafunguka. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nilimtajia Mdogo. Akasema, "Nyumba zote za mtaa huu zikiuzwa na viwanja vyake hazifiki. Niletee maji nimeze kidonge changu." Wakati mwingine ndivyo sayansi inavyotufikia sisi: habari ni ya bure, tiba ina bei. Lakini kidonge kipo, na kipo kwa sababu jeni ile ile inafunguka kwa njia ya bei nafuu zaidi. Shida yetu ni kukipata kila mwezi bila kukosa, maana ukiacha, ukurasa unafungwa tena. Dawa hii haijafuta herufi yoyote. Inaomba tu, kila siku, isomwe nyingine.

Wiki iliyopita miezi mitatu imetimia. Karatasi ya majibu inaonyesha himoglobini ya tumboni imepanda. Maumivu amepata mara moja tu, na alimaliza nayo nyumbani na maji mengi na Panadol. Hajapona, msinielewe vibaya. Lakini Jumamosi alikwenda Kirumba Mwaloni na Mama kununua dagaa, akarudi kwa miguu, akanitambia mpaka nikachoka.

Mimi na mimi nimepima. Wengi wenu mna umri wangu na najua hamjapima, kwa hiyo someni vizuri. Ninabeba. Upande mmoja. Sina ugonjwa na sitaupata, lakini nikizaa na anayebeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumzaa Mdogo mwingine. Nina mchumba. Nilikaa na karatasi yangu siku tano kabla sijamwonyesha. Aliisoma, akaikunja, akasema, "Jumatatu twende na mimi nipime." Hakusema zaidi, nami sikuuliza zaidi. Jumatatu tunakwenda.

Nilibakiwa na Baba. Nilimweleza yote hayo jioni moja uani, daladala, konda, mhariri na kila kitu. Nilimweleza pia kwamba herufi ile ilitoka kwa Mama na kwake yeye pia, sawasawa, nusu kwa nusu, na kwamba isingewezekana itoke kwa mmoja. Hapo alitazama chini muda mrefu. Mama alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi. Miaka 22 alikuwa amebeba lawama ya watu wawili peke yake.

Kisha Baba akauliza, "Kwa hiyo ile nzuri anayo bado?"

"Anayo, Baba."

Hakusema imeandikwa. Aliamka, akaenda mpaka mlango wa jikoni, akasimama pale. Alichomwambia Mama ni chao, sitakiandika. Ila tangu siku hiyo, saa mbili usiku ikifika, kabla ya taarifa ya habari, yeye ndiye anayeita: "We mtoto, umemeza?"

Haya jamani, kapimeni. Na kama una mdogo wako anayemeza vidonge hivyo na amekata tamaa wiki ya pili, mchoree lile duara lisilo na kitu katikati. Wiki ijayo nitawaambia majibu ya Jumatatu, ikiwa mwenyewe ataniruhusu.